Mlenda, warfarini na moyo usiopiga sawasawa

Mgonjwa anayeanzishiwa warfarini mara nyingi hutoka kliniki na agizo moja lililomkaa kichwani kuliko mengine yote: usile mboga za majani. Agizo hilo likifika Ilongero, Mtinko au Nduguti, mkoani Singida, huwa gumu kuliko ugonjwa wenyewe. Ugali wa mtama bila mlenda utashuka na nini? Basi mgonjwa huitikia "sawa daktari", hurudi nyumbani na kufanya moja kati ya mawili. Ama anaacha mboga wiki mbili, anachoka, kisha anazirudia kwa mkupuo. Ama anaendelea kula kama zamani na kumficha daktari. Lenye hatari zaidi ni lile la kwanza, ingawa ndilo linaloonekana kuwa la utii.

Warfarini hufanya kazi kwa kulizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Majani ya kijani, yaani mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, yamejaa vitamini hiyo. Dozi hupangwa kwa kupima damu ya mtu anayekula kwa namna fulani. Akibadilisha ulaji ghafla, kidonge kile kile kinakuwa kikali mno au dhaifu mno. Akiacha mboga, damu inapoteza uwezo wa kuganda na anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Akizirudia kwa wingi, damu inaanza kuganda mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo mlaji wa mlenda ale mlenda wake, kiasi kile kile wiki hii kama wiki iliyopita, na daktari apange dozi inayoendana nao.

Nimeanza na jikoni kwa makusudi. Mazungumzo yetu kuhusu moyo hupenda kuanzia kwenye mitambo ya Dar es Salaam na kuishia huko huko. Lakini mtu mwenye hitilafu ya mapigo humwona daktari mara chache kwa mwaka, dakika chache kila mara. Siku zote zilizobaki tabibu wake ni yeye mwenyewe, akisaidiwa na wa nyumbani kwake na, tupende tusipende, muuza duka la dawa wa jirani.

Moyo una umeme wake. Juu kabisa, upande wa kulia, kuna kituo kidogo kinachotoa amri, nao moyo mzima hujikunja kwa mpangilio, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima akiwa ametulia. Hitilafu inayosumbua watu wengi zaidi ni ile ambayo vyumba viwili vya juu huacha kujikunja na kubaki vikitetemeka, amri zikitoka kila upande bila utaratibu. Mgonjwa husema moyo unaruka, unakwenda mbio, unapiga ovyo. Mwingine hasikii chochote, ila anachoka akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila shida. Damu iliyo katika vyumba hivyo hukaa kama maji yaliyotuama, hutengeneza bonge, na bonge likichomoka huenda likaziba mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Utafiti maarufu wa Framingham, nchini Marekani, ulionyesha kwamba hitilafu hii huongeza uwezekano wa kiharusi mara 5 hivi. Na kama mgonjwa ana valvu iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi, mara 17.

Hiyo valvu ndiyo inayotutofautisha na Ulaya na Amerika Kaskazini. Kule hitilafu hii ni ya wazee. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 15,000 wa hitilafu hii waliofika vitengo vya dharura katika nchi 47, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba Amerika Kaskazini wagonjwa wenye valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi ni kama 2 tu katika kila 100, wakati Afrika ni zaidi ya 21. Wagonjwa wa Afrika pia walikuwa vijana zaidi kwa miaka mingi. Baridi yabisi huanza hivi: mtoto anaumwa koo, anapona bila dawa au kwa dawa nusu dozi, baadaye viungo vinamvimba, vinapoa, familia inasahau. Miaka inapita. Anakuwa mama wa watoto watatu anayekosa pumzi akibeba ndoo, na moyo unapiga ovyo.

Hapa nchini, Profesa Abel Makubi, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, na wenzake walifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu, na wagonjwa 16 katika kila 100 walikuwa na mtetemeko huu wa vyumba vya juu. Waliokuwa nao walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Vijijini, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walipima wazee zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea wakakuta wenye hitilafu hiyo hawafiki hata mmoja katika 100. Msomaji asikimbilie kufurahi. Katika nchi ambako kipimo kiko mbali na dawa hukatika, uchache wa wagonjwa wazee unaweza kuwa na maana kwamba wengi hawakufika uzeeni.

Presha inastahili neno lake, kwa sababu ndiyo inayoongoza na ndiyo inayodharauliwa. Mtu anapewa dawa za mwezi, anajisikia vizuri, anaacha. Moyo unaendelea kusukuma dhidi ya mishipa iliyokaza, vyumba vinatanuka, umeme unapotea njia. Kumeza kidonge cha presha kila siku ni tiba ya mapigo pia, hata kama mgonjwa hakuambiwa hivyo.

Turudi kwenye warfarini, maana wapo watakaouliza kwa nini tusiachane nayo. Zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazigombani na mboga wala hazihitaji kupima damu mara kwa mara, na kwa mgonjwa ambaye valvu zake ni nzima, mwenye uwezo wa kuzinunua, ni nafuu kubwa. Lakini mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye baridi yabisi ya moyo pamoja na mtetemeko wa vyumba vya juu. Wengi wao walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa wa makamo. Watafiti walitegemea kwamba dawa mpya, rivaroxaban, ingefanya kazi sawa na warfarini. Badala yake, waliotumia warfarini walikufa wachache zaidi. Kwa mgonjwa wetu wa kawaida wa valvu, basi, kidonge cha zamani ndicho kidonge bora, na sisi tutaishi nacho pamoja na mlenda.

Dawa yenyewe ina asili ambayo wafugaji wa Singida wataielewa upesi kuliko wasomi wa mjini. Miaka ya 1920 ng'ombe wa kaskazini mwa Marekani na wa Kanada walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alibeba ng'ombe aliyekufa na ndoo ya damu isiyoganda hadi kwa mwanakemia Karl Link. Kutokana na uchunguzi wa Link ikapatikana sumu ya panya mwaka 1948, na kufikia 1954 ikawa dawa ya binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo, alipewa hiyo hiyo. Sumu na tiba zinatofautiana kwa kipimo tu, ndiyo maana kipimo cha damu kiitwacho INR ni lazima: kwa wagonjwa wengi wa mapigo kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3.

Sasa tatizo la hapa kwetu. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Mvua zikinyesha, mboga zimejaa: kila shamba lina majani ya kunde, na mlenda wa porini unachumwa bure. Kiangazi kikikaza, jikoni kunabaki majani yaliyokaushwa na kusagwa. Kukausha hakuiondoi vitamini K yote, na kupika vilevile. Kijiko cha unga wa majani kimebeba majani mengi mno ukilinganisha na kijiko cha mboga mbichi. Mgonjwa ambaye dozi yake ilipangwa Februari hawezi kudhani kwamba ni dozi hiyo hiyo Septemba. Kama ningekuwa na uwezo wa kuongeza swali moja katika kila kliniki ya moyo ya Kanda ya Kati, lingekuwa: mboga mnayokula nyumbani sasa hivi ni ipi, mbichi au kavu, na mara ngapi kwa wiki? Unga wa mlonge, unaouzwa siku hizi kama dawa ya kila kitu, uingie katika swali hilo hilo. Mafuta ya alizeti hayana shida. Vitamini K yake ni kidogo sana, na mkoa uendelee kukamua.

Hatari nyingine inauzwa dukani. Mgonjwa anapata kuharisha, anakwenda duka la dawa, anapewa Flagyl. Au anapata kikohozi, anapewa Septrin. Dawa hizi mbili, zinazopatikana kila kijiji, huongeza makali ya warfarini kiasi cha kumfanya mtu avuje damu ndani ya siku chache. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo, na damu inayotoka kwenye tumbo lililochubuka la mtu anayetumia warfarini haizuiliki kirahisi. Kwa upande wa pili, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza sana nguvu ya warfarini. Mgonjwa hatakariri orodha hii na hapaswi kuikariri. Anachohitaji ni sentensi moja ya kumwambia muuza dawa kabla hajataja ugonjwa: "Mimi natumia warfarini." Muuza dawa asipojua maana yake, mgonjwa aondoke aende zahanati. Kwa homa na maumivu ya kawaida parasetamo ndiyo salama zaidi, kwa dozi ya kawaida na kwa siku chache.

Asprini ndogo nayo nimeisikia ikitajwa kama mbadala: "inapunguza damu". Haitoshi. Utafiti wa mwaka 2011 uliolinganisha asprini na mojawapo ya dawa mpya ulisimamishwa mapema kwa sababu waliokuwa kwenye asprini walikuwa wakipata viharusi zaidi ya mara mbili ya wale wa dawa mpya, na uvujaji mkubwa wa damu ulikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili.

Kupima mapigo hakuhitaji mashine wala umeme. Kaa, pumzika dakika tano. Geuza kiganja juu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba kupima, nalo lina mapigo yake. Washa saa ya simu, hata kitochi kinayo, na uhesabu dakika nzima. Mtu mwenye mapigo ya kawaida anaweza kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Mwenye mapigo ya ovyo akifanya hivyo anajidanganya. Andika namba, tarehe, na neno moja: sawa au ovyo. Madaktari wengi huridhika mapigo ya mwenye mtetemeko yakikaa chini ya 110 akiwa ametulia na hana dalili. Yakikaa juu ya hapo siku kadhaa, dozi ya dawa ya kupunguza kasi inahitaji kuangaliwa. Na kama ni atenololi au propranololi, isiachwe ghafla hata siku moja, moyo hulipiza. Anayetumia digoksini akianza kuchukia chakula, kutapika, kuona vitu vya manjano, na mapigo yakashuka chini ya 60, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mashine za presha za mkononi, zile za kubonyeza kitufe, hukosea mara kwa mara kwa watu wenye mapigo ya ovyo. Wapime mara tatu mfululizo na kuchukua wastani.

Pombe tusiizunguke. Mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila shida, akashinda kwenye wanzuki au pombe ya mtama siku ya sherehe, na usiku moyo ukaanza kukimbia. Pombe nyingi kwa mara moja huvuruga umeme wa moyo hata kwa ambaye hakuwa na ugonjwa, na kwa mtumiaji wa warfarini huongeza hatari ya kuanguka na kuvuja damu kichwani. Daktari atamwambia aache. Asipoacha, angalau ajue kwamba sherehe na mapigo yale vina uhusiano, asije akadhani amerogwa.

Kuna aina nyingine ya mapigo, yaendayo mbio sana lakini kwa mpangilio, 150, 180, hata 200, yanayoanza ghafla na kukoma ghafla, mara nyingi kwa vijana. Kwa hao ipo mbinu ya nyumbani iliyothibitishwa Uingereza mwaka 2015 kwa wagonjwa zaidi ya 400. Mgonjwa amekaa nusu kulala, anapuliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kana kwamba anataka kusukuma kisukumio chake, kwa sekunde 15. Kisha analazwa chali mara moja na mtu mwingine anainua miguu yake kwa sekunde 15. Kati ya waliofanya hivyo, 43 katika kila 100 mapigo yalirudi kawaida. Waliopuliza tu bila kuinuliwa miguu walikuwa 17. Bomba hilo ni kifaa cha kawaida katika zahanati. Daktari athibitishe kwanza kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwamba ndiyo aina hiyo, amfundishe mgonjwa na mtu mmoja wa nyumbani. Mbinu isisaidie, au mgonjwa akizimia, akibanwa na kifua, akikosa pumzi, hapo ni kutafuta usafiri.

Wapo pia ambao moyo unapiga polepole mno, 30 au 40, na wanaanguka bila onyo. Wazee hawa huwa wanachukuliwa kuwa na kifafa cha ukubwani au uchovu wa umri. Tiba yao ni betri ya moyo, na siku hizi haihitaji kwenda India: huwekwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Dodoma iko takriban kilomita 240 kutoka Singida mjini, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 safari kutoka hapo hadi Dar imekuwa ya saa chache. JKCI pia hutuma wataalamu wake mikoani kwa huduma za mkoba, na wagonjwa hujitokeza kwa wingi. Kambi hizo huwagundua watu. Wakiondoka wataalamu, aliyegunduliwa anabaki na karatasi ya dawa na swali la nani atampima INR mwezi ujao.

Kwa kawaida kipimo hicho hakipo zahanati wala kituo cha afya. Mgonjwa wa Rungwa au wa Shelui anapoambiwa apime kila mwezi, anahesabu nauli kabla ya kuhesabu mapigo. Mtu wa Mkalama huenda akaona rahisi kuvuka hadi hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Wa Manyoni na Itigi wana Mtakatifu Gaspar. Wa Ikungi wana Makiungu, iliyoanzishwa na masista miaka ya 1950. Mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu 6 ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ukomo wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo hesabu ya busara kwa mgonjwa ni kuchagua hospitali moja ya karibu yenye kipimo na kurudi hapo hapo, badala ya kuzungukia nne zenye mafaili manne.

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa kuna jambo ambalo haliwezi kungoja kliniki ijayo. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambao wengine hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayeitumia azungumze habari za uzazi wa mpango siku anayoanza, na hedhi ikichelewa hata wiki moja apime mimba na aende hospitali kubwa abadilishiwe dawa. Kuiacha mwenyewe kimyakimya ni hatari pia, maana mimba nayo hugandisha damu. Mume ayasikie haya kwa masikio yake, aingie chumba cha daktari. Kumwachia mke apeleke ujumbe nyumbani ni kumpa mzigo ambao mara nyingi haufiki.

Ujerumani imekuwa ikiwafundisha wagonjwa wa kawaida kujichoma kidole, kujipima INR na kurekebisha dozi wenyewe tangu miaka ya 1980. Hapa mashine ndogo za namna hiyo zingetosha kama kila hospitali ya wilaya ingekuwa na moja, na muuguzi mmoja aliyefundishwa kuitumia. Tanzania tayari inajaribu mpango wa PEN-Plus, ulioidhinishwa na mawaziri wa afya wa Afrika mwaka 2022, unaopeleka tiba ya magonjwa makubwa kama baridi yabisi ya moyo katika hospitali za wilaya. Kondoa na Karatu ni miongoni mwa vituo vya mwanzo. Kondoa ni jirani wa Singida. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wa serikali uliozinduliwa 2024 unalenga kuwafikisha zaidi ya 137,000, wanaweza kufundishwa kuhesabu mapigo dakika nzima kwa nusu siku.

Hadi hapo patakapofikiwa, kuna daftari. La shule, la kurasa 32, linatosha. Ukurasa wa kwanza jina la dawa na dozi, ili mtu akianguka barabarani anayemwokota ajue. Kurasa nyingine tarehe, mapigo, INR, mboga ya wiki, dawa yoyote ya dukani. Choo kikiwa cheusi kama lami, fizi zikitoa damu, hedhi ikizidi, pikipiki ikikuangusha na kichwa kikagonga chini hata bila jeraha, hiyo haingoji kuandikwa, ni kwenda hospitali. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, vivyo hivyo, na saa ilipoanza itajwe kwa daktari. Na kidonge cha jioni kikisahaulika: ukikumbuka kabla ya kulala, meza, ukikumbuka asubuhi, kiache, endelea na cha jioni ijayo, usimeze viwili, na uandike.